Mshtarii, Zohali na taa za mitumbwi

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, mjini kwenu sayari bado zinaonekana usiku, au taa za umeme zimezifukuza? Limenikera kidogo, kwa sababu lawama hiyo ya taa inarudiwa mno. Taa hufifisha nyota ndogo, lakini haziwezi kuiondoa Zuhura. Katika miezi ambayo sayari hiyo hutokea jioni, mtu anayeshuka Barabara ya Lumumba kutoka Mwanga kuelekea stesheni ataikuta imening'inia mbele yake, hata kama maduka yote yamewasha taa. Sisi wa Kigoma hufichwa sayari na moshi wa kiangazi, ule unaomeza hata milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na baadaye na mawingu ya mvua.

Katikati ya Desemba 2020, siku chache kabla sayari za Mshtarii na Zohali hazijakaribiana kuliko wakati wowote tangu 1623, niliketi ufukweni Ujiji pamoja na baba mdogo, ambaye amevua dagaa miaka mingi. Mvua ya mchana ilikuwa imesafisha hewa na, kwa kuwa kilikuwa kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ilikwishaingia ziwani na taa zake za kuvutia dagaa. Nilimwonyesha nuru mbili upande wa Kongo, moja kali, ndiyo Mshtarii, nyingine hafifu na juu yake kidogo, ndiyo Zohali. Zilipokuwa juu hakubisha. Ziliposhuka sana, na usiku milima haionekani wala hakuna mstari unaotenga maji na mbingu, alicheka: “Mwanangu, ile ni mitumbwi miwili.” Nikamjibu kwa kanuni ya shuleni kwamba nyota humetameta na sayari hutulia. Akaninyoshea kidole: Mshtarii yangu ilikuwa ikitetemeka kama kibatari penye upepo. Alisema kweli, kwa maana nuru inayotoka chini kule hupita katika hewa nyingi zaidi, na hata sayari hutikisika. Tukakubaliana kungoja. Ilipopita saa tatu usiku ile kali ikatoweka, na dakika chache baadaye ile hafifu ikaifuata karibu palepale, huku taa nyingine zote zikibaki. Baba mdogo alinyamaza, kisha akasema kwamba wapo wavuvi wanaozima taa wanapohama.

Tarehe 21 yenyewe, mawingu yalifunga magharibi yote, nasi hatukuona kitu.

Nilianza kuandika nikikusudia kuzitetea taa. Lakini siku hizi wavuvi wengi wameacha karabai wakashika taa za betri na za sola, nyeupe na tulivu, nami mwenyewe nimekwisha kusimama ufukweni zaidi ya mara moja nikiitazama Zuhura ambayo baadaye ilianza kurudi nchi kavu na dagaa wake. Kwa hiyo ndiyo, sayari zinaonekana kwetu, mradi ziwe juu vya kutosha; zikikaribia maji, taa zinashinda, ingawa si hizo mlizouliza.