Jetiski kuukuu ya kusimama: faiba iwekwe ndani au nje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua jetiski ya kusimama iliyokwisha kutumika, ina zaidi ya miaka 25 na lebo zake zimefutika. Ninaiendesha katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Tumbo lake limelegea. Nikilikandamiza kwa goti chini ya injini linabonyea, na kuna nyufa nyembamba kama unywele karibu na maungio ya sitaha. Aidha, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazama majini zaidi kuliko ilivyokuwa nilipoinunua. Fundi wa hapa Moshi amenishauri tuongeze matabaka manne ya mkeka wa faiba (nyuzi za kioo) kwa nje, kwa resini (gundi ya maji inayoganda) ileile anayotengenezea matangi na bampa. Je, ushauri huo ni sahihi, na vifaa vinahitajika kiasi gani? – Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba. Ningekuomba usimamishe kazi hiyo kabla haijaanza, kwa sababu ushauri uliopewa umekosea mahali pawili, yaani resini na upande wa kuiweka, na juu ya hayo kuna tatizo la tatu ambalo umelieleza mwenyewe bila kulipa uzito wake: tezi inayozama.

Nianze na hilo la tezi. Chini ya sehemu anayosimama mwendeshaji, jetiski ya kusimama hujazwa povu gumu la kuisaidia kuelea. Povu hilo likiwa jipya halinywi maji, lakini miaka inavyopita maji hupenya kupitia matundu ya bolti na nyufa ndogo, huingia kwenye vijiseli vilivyopasuka, na humo hukaa. Toa injini, beba gamba tupu, yaani mwili wa chombo peke yake, hadi kwenye mizani ya mazao, na uandike uzito wake. Kisha toboa tundu la milimita 6 kutoka upande wa juu, chini ya zulia la kusimamia, na uingize kijiti kikavu. Kikitoka na maji, usijidanganye kwamba jua la Moshi litakausha, kwa maana maji yaliyomo ndani ya vijiseli hayana njia ya kutokea. Kata dirisha, chimba povu lote lililolowa, acha nafasi ikauke kabisa, kisha ujaze povu la poliyurethani la vijiseli vilivyofungwa, lenye uzito wa kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo. Wapo wanaoamua kuiacha nafasi hiyo tupu bila povu ili chombo kiwe chepesi. Mimi sitakubali kazi ya namna hiyo, kwa sababu siku injini itakapofurika maji ni povu hilo litakalokiweka chombo juu, na wewe ukiwa umekishikilia.

Sasa resini. Jetiski nyingi za kusimama za kiwandani za miaka ya 1980 na 1990, zikiwamo za Kawasaki na Yamaha, hazikutandikwa kwa mkono kama boti za kawaida. Magamba yake yalibanwa katika ukungu (kalibu) wa chuma wenye joto, kutokana na donge zito la resini ya poliesta, chokaa na nyuzi fupi za kioo, na ndani ya mchanganyiko huo kulitiwa pia nta ya kuzuia kitu kisigande kwenye ukungu, ambayo kwa kawaida ni stearati ya zinki. Nta hiyo haikutoka na ukungu. Imebaki ndani ya gamba mpaka leo. Utalitambua gamba la aina hii kwa ulaini wake pande zote mbili, kwa nyuzi fupi zilizotawanyika ovyo pale palipovunjika, na kwa kutokuwa na tabaka lolote la kitambaa kilichofumwa.

Poliesta ya kawaida, yaani ile resini ya matangi na bampa, hushika vibaya sana juu ya gamba la aina hiyo. Niliwahi kuthibitisha hilo katika karakana yangu hapa Arusha: nilitandika kiraka kizuri, kigumu, chenye kung'aa, na baada ya miezi michache mteja alirudi nacho kikibanduka kwa vidole kama ganda la ndizi mbivu, bila kuacha hata unyuzi mmoja nyuma. Kiraka chenyewe hakikuwa na ufa. Kilichoshindwa ni mshikamano, na tangu siku hiyo gamba kuukuu silitengenezi kwa resini yoyote isipokuwa epoksi.

Simlaumu fundi wako. Hapa Arusha kuna mafundi hodari wanaotengeneza mapaa ya magari ya utalii kwa mkeka na poliesta, na mapaa hayo yanahimili barabara za mbugani kwa miaka mingi. Lakini paa hujengwa tabaka juu ya tabaka bichi, hivyo resini zote huungana na kuwa kitu kimoja. Gamba lililokwisha kukomaa miaka 25 iliyopita haliungani na kitu kwa namna hiyo. Linashikwa tu na mikwaruzo utakayolichora kwa msasa na nguvu ya gundi utakayolipaka. Ni kazi mbili tofauti ingawa vifaa vinafanana kwa macho.

Ukichagua epoksi, achana pia na mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi. Nyuzi za mkeka huo mara nyingi hushikanishwa na gundi inayoyeyushwa na stairini iliyomo katika poliesta. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mkeka hubaki mkavu na mgumu kulalia kwenye kona. Nunua kitambaa cha faiba kilichoshonwa, chenye nyuzi zilizolala kwa mshazari wa digrii 45, cha gramu 600 kwa mita ya mraba. Usipokipata, kitambaa kilichofumwa cha gramu 300 kitafaa kwa kuongeza matabaka mara mbili.

Kuhusu upande, faiba iwekwe ndani. Wimbi linapopiga tumbo kutoka nje, gamba hupinda kuelekea ndani, na uso wa ndani ndio unaovutwa. Nyuzi za kioo hufanya kazi yake bora zinapovutwa, kwa hiyo mahali pake ni hapo. Tena, uso wa nje ulichorwa na mtengenezaji kwa hesabu. Ukiongeza unene wa milimita chache usiolingana karibu na mdomo wa pampu inayosukuma chombo, chombo kinaweza kuanza kudundadunda puani au kuvuta hewa badala ya maji. Nje utagusa tu palipo na ufa uliopenya kabisa. Hapo kwangua kingo zake kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, maana yake gamba la milimita 5 likwanguliwe upana wa milimita 60 kila upande, kisha ujaze matabaka mpaka yalingane na uso wa awali.

Kabla ya kuhesabu matabaka, jua kwamba ugumu wa ubao kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake: unene ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara nane. Maana yake ni kwamba njia nafuu ya kulikaza tumbo si kurundika faiba bali kuinua kimo mahali pachache. Wajenzi wa majahazi wanalijua hilo tangu zamani, na ndiyo maana hutia mataruma, yaani mbavu za ndani. Nawe fanya hivyo: tandika matabaka mawili ya kitambaa sakafuni chini ya injini na kwenye kuta zake, kisha bandika vipande viwili au vitatu vya povu gumu, vyenye kimo cha sentimita 2 na kingo zilizoviringwa, vikikatiza upana wa sakafu pale ambapo injini haitavigusa, na uvifunike kwa matabaka mawili mengine yanayomwagikia sakafuni sentimita 5 kila upande.

Kwa eneo la mita 1.2 za mraba, matabaka mawili ya gramu 600 ni takriban kilo 1.5 za kitambaa, na kwa kuwa kitambaa kilichotandikwa vizuri hunywa epoksi inayokaribia uzito wake, kilo 2 za epoksi zitatosha pamoja na mataruma na kinachopotea kwenye brashi. Chombo kitaongezeka kilo 3 na ushei. Linganisha na ushauri wa kwanza: matabaka manne ya mkeka wa gramu 450 juu ya mita 2 za mraba za tumbo ni kilo 3.6 za mkeka, na mkeka hunywa resini maradufu ya uzito wake au zaidi, hivyo ungebeba karibu kilo 11 zisizo na mshikamano.

Maandalizi ndiyo yatakayokula muda wako mwingi, na yanastahili. Gamba hili limeogeshwa kwa oili ya injini miaka mingi. Lioshe kwa sabuni na maji moto, likikauka lifute kwa asetoni, na baada ya hapo tu ndipo upige msasa namba 60 au 80. Ukianza na msasa utaisukumia oili ndani ya mikwaruzo. Nyunyiza maji safi kujaribu: yakitanda kama utando mmoja, uso uko tayari, yakijikusanya matone, rudia. Kisha gonga gamba zima kwa sarafu, ukisikiliza kwa makini. Penye sauti kavu, ya juu, pazima. Penye sauti nzito iliyofifia pana tabaka lililoachana, nalo likwanguliwe. Vumbi la kioo lisiingie kifuani mwako: vaa barakoa yenye vichujio, kwani kitambaa cha kufunga mdomoni hakitoshi kuzuia vumbi hilo, na vaa glavu za nitrili kila unapogusa epoksi, maana mzio wa epoksi ukishaanza hauondoki.

Lilaze gamba kwenye vitanda vya mbao vilivyokatwa kufuata umbo lake, ili lisijipinde wakati epoksi inakomaa. Likikomaa limepinda, shafti ya injini na ile ya pampu hazitanyooka tena, na mtikisiko utakula kapulini (kiungio cha shafti hizo) na beringi. Matundu ya bolti za injini yazibe kwa bolti zilizopakwa nta.

Hadena (kigumishi) ya epoksi haifanani na ile ya poliesta. Mafundi wetu wamezoea kuongeza matone panapokuwa na baridi. Kwa epoksi uwiano ulioandikwa kwenye kopo haubadiliki, na ukizidisha utapata utomvu usiokauka milele. Pima kwa mizani, changanya gramu 300 kwa mara moja, na uimwage kwenye sahani pana, kwa sababu ikibaki ndani ya kopo hujipasha joto yenyewe hadi kutoa moshi. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza muda wa kukauka maradufu. Moshi kuna joto la kutosha miezi mingi, ila ukiileta Arusha mwezi Juni au Julai, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 15, na hapo subiri. Usiingize jiko la mkaa chumbani kuharakisha: mvuke wa asetoni hulipuka, na hewa ya mkaa huua.

Epoksi ikikauka, ioshe kwa maji na dodoki gumu kuondoa utelezi unaojitokeza juu yake, piga msasa, kisha paka rangi ya poliyurethani ya kuchanganya na hadena. Usipake gelikoti ya poliesta, ile rangi nzito ya juu ya boti, juu yake.

Zile nyufa za maungio ya sitaha zichunguze kwa kisu chembamba. Kikiingia, gundi ya maungio imekwisha. Panua mwanya, usafishe, sukumia epoksi iliyokolezwa kwa unga wa silika, bana kwa klempu, na kwa ndani pitisha utepe wa faiba wa sentimita 10. Ipe epoksi siku saba kabla ya kurudisha injini. Safari ya kwanza bwawani iwe ya dakika 20 kwa mwendo wa wastani, karibu na ufuko, kisha fungua kifuniko, papasa sakafu kama kuna maji, na ugonge tena kwa sarafu palepale ulipogonga mwanzo.