Maswali ya Karakana: Trekta Kuukuu kwenye Mashindano ya Kuvuta

Barua tulizochagua safari hii zote zahusu mchezo uliozoeleka Marekani na Ulaya: trekta inavuta sleji ambayo uzito wake husogea mbele kadiri inavyokwenda, hivyo mzigo huzidi kila hatua mpaka trekta ikwame au ifike mwisho wa njia. Ulaya njia hiyo ni mita 100.

SWALI: Assalam aleykum. Ninayo Massey Ferguson 35 ya dizeli, silinda tatu, iliyokuwa shamba la katani upande wa Vipingo. Tuko watu watano wenye trekta za zamani na twataka kushindana wenyewe kwa wenyewe. Fundi ameniambia niifungue pampu niongeze dizeli hadi itoe moshi mweusi tititi. Ni sawa?
*Msomaji, Kisauni*

JIBU: Waaleykum salaam. Si sawa. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Kilo moja ya dizeli yahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa mchanganyiko ndani ya silinda haulingani kila pembe, moshi huanza hata hewa ikiwa bado kilo 18 au 20. Ukungu mwepesi wakati injini imebeba mzigo wote waonyesha umekaribia ukomo. Ukizidisha hapo, joto hupanda upesi kuliko nguvu, na kinachoyeyuka kwanza ni kichwa cha pistoni, maana ni alumini.

Kwa hiyo anza na hewa, pampu iwe mwisho. Injini yako ni Perkins yenye silinda za 91.4 mm na mwendo wa pistoni wa 127 mm, jumla lita 2.5. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika inaweza kuvuta hadi lita 2,500 za hewa kila dakika. Toa bakuli la oili la filta, lioshe kwa dizeli, jaza oili mpaka alama na usipitishe. Kisha angalia hewa inaingilia wapi. Ikitoka chini ya boneti ikiwa na nyuzi 60 badala ya 30 za nje, umepoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake kabla hata hujagusa spana. Bomba la kuleta hewa ya nje ni kazi ya asubuhi moja na bei yake ndogo. Ukifungua manifoldi, tazama kama gasketi imetokeza ndani ya tundu, ikate ilingane.

Halafu pima kompresheni ya kila silinda. Zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, tafuta sababu kwenye ringi, laina (mkebe ambamo pistoni hupanda na kushuka) au valvu, kwani hakuna pampu itakayoziba pengo hilo. Tepeti, yaani nafasi ya valvu, ziweke 0.30 mm injini ikiwa baridi. Nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia: zinyunyize ukungu na zisidondoke.

Sasa pampu. Kwenye trekta hizi mara nyingi ni CAV DPA, na kipimo cha juu cha dizeli kimo ndani, nyuma ya kifuniko cha ubavuni: unalegeza skrubu mbili za sahani ya rota (sehemu inayozunguka ndani ya pampu), unaisogeza kwa kugonga kidogo, unakaza tena. Kuisogeza kidogo tu hubadilisha mengi, na skrubu zikikazwa vibaya pampu huvunjikia ndani. Hii ni kazi ya benchi la pampu, si ya chini ya mwembe. Tena DPA hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, au iliyoingia maji, huikwamisha rota.

Skrubu ya mwendo iliyofungwa kwa lakiri iache. Wengi huiona njia rahisi, kwa kuwa mizunguko ikizidi na msokoto ukabaki uleule, nguvu huzidi. Lakini nguvu inayoipasua konrodi, mkono unaoishika pistoni, hukua kwa mraba: kutoka 2,000 hadi 2,800 inakaribia kuwa maradufu. Flaiwili ya chuma cha kalibu ikipasuka kwa mwendo huo hutoboa nyumba ya klachi, na wewe umekaa nyuma yake. Na turbo? Bila kipima joto kwenye manifoldi ya moshi, hapana. Ukikifunga, punguza mafuta sindano ya kipima hicho inapokaribia nyuzi 700.

SWALI: MF 35 yangu ikivuta gogo, magurudumu ya mbele huelea. Nifunge mnyororo juu zaidi ili ya nyuma yashike?
*Msomaji, Mariakani*

JIBU: La hasha. Usifunge juu ya ekseli wala kwenye mkono wa juu wa haidroliki. Trekta hujipindua kinyumenyume kabla mguu haujaifikia klachi. Hesabu yake ni hii: nguvu ya mvuto, mara kimo cha ndoano, gawa kwa umbali kati ya ekseli mbili. Ukivuta kwa kilo 1,500 kwenye kimo cha mita 0.5, na ekseli za MF 35 zikiwa mita 1.83, kilo 410 hivi zinahama kutoka mbele kwenda nyuma. Pima sehemu ya mbele kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu na uongeze vyuma pua ya trekta mpaka ibaki akiba. Kanuni nyingi za trekta za kale huweka ndoano isizidi inchi 20. Tairi za nyuma shusha upepo kidogo kidogo, ukitazama kama rimu inateleza ndani ya tairi. Ikiteleza, valvu ya tyubu hung'oka.

SWALI: Shikamoo. Babu alituachia Ferguson TE20 ya petroli, pistoni 85 mm. Nimeshauriwa kunyoa silinda hedi milimita tatu ili kompresheni ipande. Nikubali?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinyoe kitu usichokipima. Geuza hedi, valvu na plagi zikiwa mahali pake, paka grisi ukingoni, funika kwa plastiki ngumu yenye kitundu, jaza spiriti kwa sindano ya hospitali na uhesabu. Ongeza ujazo wa gasketi na wa nafasi iliyobaki juu ya pistoni. Tuseme jumla ni sentimita za ujazo 104. Ujazo wa silinda yako ni 522, kwa hiyo uwiano wa kompresheni ni 522 gawa kwa 104, jumlisha moja: kama 6. Ukitaka 7, ujazo ushuke hadi 87. Mdomo wa chumba ukiwa na sentimita mraba 50, kila milimita inaondoa 5, basi ungenyoa 3.4 mm, na hapo waweza kuufikia mfereji wa maji.

Iko njia bora. Injini hii ni ya ukoo mmoja na ile ya magari ya Triumph TR, na seti za laina na pistoni za 87 mm zapatikana. Silinda inakuwa 547, na kwa chumba kilekile kompresheni tayari ni 6.26, kufikia 7 utanyoa kama 2.6 mm. Laina hizi huzungukwa na maji: zitokeze juu ya bloku 0.08 hadi 0.13 mm, zikipimwa zikiwa zimekaa juu ya gasketi zake za chini. Zikizama, maji huingia kwenye oili. Baada ya kunyoa, vijiti vya kusukuma roka za valvu vitakuwa virefu mno. Inua nguzo za roka kwa washa. Ikigonga ukiwa na mzigo, rudisha taimingi nyuma kidogo.

SWALI: Tuzime vipi trekta dereva akianguka?
*Msomaji, Jomvu*

JIBU: Petroli: swichi ya kukata koili, yenye kamba iliyofungwa kwenye sleji. Dizeli haizimwi kwa kukata umeme, na ikianza kula oili yake hata wenzo wa pampu hausaidii. Weka kibati chenye springi kwenye njia ya hewa, kamba iende nyuma vilevile, na kijaribuni injini ikiwa inazunguka kabla ya kufunga mnyororo.