Unainua Pikapu Ibebe Nini?

Maswali ya pikapu yamerundikana, karibu yote ni ya kunyanyua gari na kuchezea ekzosi. Haya matano yanawagusa wengi.

Nina Toyota Hilux Vigo 4WD ya 2012. Barabara ya shamba Kilolo mvua ikinyesha ni tope tupu. Fundi anataka kuweka spesa (vipande vya chuma vya kuongeza urefu) za inchi mbili juu ya shokapu za mbele ili gari ipande inchi mbili. Nimkubalie? – Msomaji, Iringa

Usimkubalie, hesabu yake imekosea. Shokapu ya mbele ya Vigo haikai kwenye gurudumu lenyewe, imekaa karibu na katikati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu. Kwa hiyo spesa ya inchi moja inainua gari karibu inchi mbili, na hizo zake zitakupa karibu nne. Hapo shafti za mbele zinakaa mshazari, mipira ya sivi-jointi (viungo vya shafti hizo) inachanika, grisi inarukia rimu, na baada ya muda unasikia tak-tak-tak kila ukikata kona. Alaimenti, yaani pembe za magurudumu, nayo haitashika bila kubadilisha mikono ya juu. Ishia inchi mbili za kupanda.

Mimi binafsi spesa sizipendi. Kama umefunga ngao ya chuma na winchi, springi zako zimeshalemewa, na spesa inaficha tu ugonjwa. Nunua springi za uzito unaoubeba kila siku, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kabla fundi hajashika spana, gari ikiwa tupu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, uandike. Akimaliza, pima tena mbele yake.

Nabeba parachichi. Nimeongeza majani mawili ya springi nyuma, gari imesimama vizuri, lakini tangu hapo ikipakia breki hazishiki kama zamani. Fundi kabadilisha pedi mara mbili. – Msomaji, Mbeya

Pedi hazina kosa. Ingia chini ya gari. Kwenye Hilux nyingi za zamani, na Vigo pia, utaona kijiti cha chuma kimetoka kwenye ekseli ya nyuma kikaenda juu kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Kijiti hicho ndicho mizani ya breki. Mzigo ukishusha bodi, vali inaziachia breki za nyuma nguvu zaidi. Bodi ikiwa juu, vali inajua gari ni tupu, inazibana ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukakuta gari imegeukia ilikotoka.

Sasa wewe umeinua bodi. Vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa umejaza matenga mpaka juu, na breki za mbele zinafanya kazi ya wote. Dawa ni kurekebisha kishikizo cha kijiti kwa kiasi kile kile bodi ilichopanda, ili kijiti kirudi kwenye pembe yake ya kiwandani. Ni kipande cha bati nene na boliti mbili. Halafu zijaribu breki mahali peupe, gari tupu na gari yenye mzigo. Fundi akikwambia aing'oe vali moja kwa moja, badilisha fundi.

Na majani mawili hayajaongeza hata kilo moja kwenye uzito unaoruhusiwa. Chesisi na ekseli ni zile zile.

Hilux yangu ya dizeli iko kimya mno. Nikikata salensa nitapata nguvu? – Msomaji, Kahama

Utapata kelele. Kwenye injini yenye turbo, moshi unabanwa kwanza na turbo yenyewe, salensa inakuja mwishoni. Bomba pana la inchi tatu kuanzia kwenye turbo linaweza kuifanya iamke mapema kidogo, ila kompyuta ya injini isipopangwa upya, dizeli inayoingia ni ile ile. Niliwahi kukata ya kwangu. Nikatoka Dar kwenda Dodoma, kufika Gairo masikio yanapiga filimbi, na wiki iliyofuata salensa ikarudi.

Ukishikilia kukata, bomba lisiishie chini ya bodi. Livuke tairi la nyuma na litokeze nje, maana moshi ukikwama chini hutafuta njia ya kuingia kebini, na kaboni monoksaidi haina harufu ya kukuamsha.

Taa ya DPF imewaka. Gari natumia mjini tu. Fundi anasema dizeli yetu ni chafu, bora atoboe. – Msomaji, Nairobi

Hicho ni chujio cha masizi, na hujisafisha kwa kuyachoma kwenye joto la nyuzi kama 600. Foleni za mjini haziruhusu. Taa ikiwaka mara ya kwanza, ipeleke barabara ya Nakuru, mwendo wa kutulia, nusu saa hivi. Kagua na oili: ikiwa imepanda juu ya alama, dizeli imeingia humo, ibadilishe. Akitoboa, sensa za presha zitaona, na gari itajinyima nguvu mpaka kompyuta idanganywe. Kuhusu dizeli, Afrika Mashariki ilihamia kiwango cha salfa 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) Januari 2015. Ya madumu kando ya barabara ni habari nyingine.

Nikiweka matairi makubwa tu kwenye Hilux Revo, bila kunyanyua? – Msomaji, Moshi

Kwa wengi ningeanzia hapo. Springi huinua bodi, difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) inabaki palepale. Tairi ndilo linaloipandisha. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, na difu inapanda 13. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uone kama linagusa. Na spidomita ikisoma 50, wewe uko karibu 52. Tochi ya trafiki haijui habari za matairi.