"Ongeza tu, mimi sisikii kitu"

Ninyi mnaoanza kazi ya fiziotherapia hapa Mombasa, haitachukua muda kabla mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo hajawaambia, "Dada, ongeza tu, mimi sisikii kitu." Anataka muongeze umeme wa mashine ya kuamsha misuli. Msimsikilize. Mimi nilimsikiliza.

Alikuwa mgema, ameanguka kutoka mnazini, ameumia chini kabisa kiunoni. Miguu ilikuwa imelegea, hata nyundo ikigonga goti mguu hauruki. Nikabandika pedi pajani, nikapandisha umeme. Kimya. Nikaongeza, nikaongeza tena. Nilipobandua nikakuta alama nyekundu pale ukingo wa pedi ulipokuwa umeinuka na umeme kujikusanya sehemu moja. Ikageuka kidonda. Wiki tatu tukauguza ngozi, mguu ukasubiri.

Nilikuwa nimesahau jambo la darasani: mashine zetu za kawaida haziamshi msuli wenyewe, zinaamsha neva inayouingia. Aliyeumia shingoni au kifuani, mara nyingi neva za miguuni bado ni nzima, ila amri ya ubongo haizifikii. Mguu wake hukakamaa na kurukaruka, na umeme unamshika vizuri. Yule wa kiunoni mizizi ya neva ndiyo iliyokatika, na pigo la umeme la maikrosekunde 300 ni fupi mno kwa msuli usio na neva. Kwa hiyo nyundo kwanza, swichi baadaye.

Halafu mafuta ya nazi. Mama atakuletea mwanawe amempaka mpaka anang'aa, na pedi haishiki. Usimkemee, ni mapenzi. Mwambie, "Mama, leo tuanze na sabuni na maji," umpe kitambaa asaidie. Ngozi ikaguliwe kabla na baada, kila siku.

Sasa jasho, na hapa ndipo mgeni anapopotea. Mwezi wa pili huku kila mtu anatiririka. Lakini mgonjwa aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, akitokwa jasho usoni, uso ukawa mwekundu na kichwa kikamgonga, usikimbilie feni. Zima mashine, mketishe wima, legeza nguo na mikanda, kisha fuata mpira wa mkojo kwa mkono wako hadi kwenye mfuko: huenda umejikunja chini ya paja, mkojo ukazuiwa na presha ikapanda. Pima presha. Wengi wao namba ya juu ya presha kwa kawaida ni 90 hadi 110, kwa hiyo 140 ambayo kwako si kitu, kwake ni hatari. Isiposhuka, mwite daktari mara moja.

Na video za simuni mtaletewa. Rob Summers wa Marekani, aliyekuwa amepooza miguu, aliwekewa elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) mgongoni mwaka 2009, akasimama. Habari yake ilitoka mwaka 2011. Ni kweli. Lakini zile 16 zake zilipandikizwa kwa upasuaji juu ya ugwe mgongo, na alikuwa amefanya mazoezi miaka kabla yake. Zetu zimekaa juu ya paja. Zinatunza msuli, zinasukuma damu, zinamwezesha mtu kukanyaga baiskeli ya mazoezi. Mwambieni mgonjwa hivyo siku ya kwanza, kabla ya kufungua sanduku la pedi.

Yule mgema nilimwambia hayo nikiwa nimechelewa. Akacheka, akasema, "Dada, mimi nilijua. Nilikuwa nakungojea wewe ujue."