Muulize Fundi: Herufi Zenye Ukungu

Shikamoo fundi. Ofisini tumeletewa kioo kipya kikubwa cha kompyuta, lakini maandishi yana ukungu kuliko kile cha zamani. Fonti nimebadilisha, wapi! Macho nimepima, ni mazima. (Karani, Tanga)

Marahaba. Fonti haina kosa. Kioo kina idadi yake ya nukta za picha (pixel), na vingi vya sasa ni 1920 kwa 1080. Kompyuta ikituma picha ya 1366 kwa 768, nukta moja inatakiwa ijaze nafasi ya nukta moja na kitu. Haigawanyiki, basi kioo kinapakaza rangi za katikati, na mguu wa herufi "l" uliokuwa mweusi unakuwa wa kijivu kwa pembeni. Bofya kulia kwenye eneo tupu la desktop, ingia Display settings, kwenye resolution chagua yenye neno Recommended.

Sasa herufi zitakuwa ndogo, na hapo ndipo wengi hurudi walikotoka. Usirudi. Nenda kwenye Scale, weka 125%.

Tazama na waya. Ukiwa na kichwa cha buluu chenye skrubu mbili, huo ni VGA, wa tangu 1987, na picha yake huchuja njiani. Tumia HDMI. Kama hakuna, bonyeza kitufe cha Auto kwenye kioo chenyewe.

Hiyo ClearType ya Windows ni kitu gani, na naiwashaje? (Mwanafunzi, Eldoret)

Chukua lenzi ya kukuzia, isogeze penye weupe kwenye kioo cha kompyuta. Weupe wenyewe hauupati. Utaona vijistari vyekundu, vya kijani na vya buluu vimepangana. Kila nukta ina vitatu hivyo. Microsoft walitangaza ClearType mwaka 1998: badala ya kuchora ukingo wa herufi kwa nukta nzima, huuchora kwa theluthi ya nukta, na mkunjo wa "s" hauonekani tena kama ngazi. Windows XP ilikuja nayo ikiwa imezimwa. Kuanzia Vista imewashwa.

Kuirekebisha, fungua Start, andika cttune, bonyeza Enter. Weka tiki, kisha utaonyeshwa vipande vya maandishi, uchague kinachokupendeza. Usimwite jirani akuchagulie. Macho ni yako. Ukisimamisha kioo wima, vile vijistari hulala na faida hupungua.

Kila kitu kinasomeka vizuri isipokuwa programu yetu ya hesabu za duka. (Mwanza)

Ni ya zamani, haijui hiyo Scale, kwa hiyo Windows inaivuta kama picha. Bofya kulia alama yake, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka tiki kwenye Override, chagua Application. Ikiwa ndogo mno, jaribu System (Enhanced).

Natumia runinga kama kioo cha kompyuta. Herufi zina kivuli cheupe pembeni. (Mombasa)

Hiyo ni Sharpness ya runinga, inayoongeza kingo zisizokuwepo. Ishushe taratibu mpaka kivuli kiishe. Kama na ukingo wa desktop umekatwa, runinga inakuza picha. Tafuta Just Scan au Screen Fit kwenye ukubwa wa picha. Yangu niliihangaikia jioni nzima, setingi hadi setingi, mpaka binti yangu alipopita akaichambua kwa ukucha ile nailoni ya dukani.