Mzee figo zimefeli ila mkojo bado unatoka, tumpeleke dayalisisi (mashine ya kusafisha damu) au tusubiri?

Mkuu pole sana na mzee. Nimekusoma, kreatinini (uchafu wa kwenye damu unaopimwa kuona figo zinachujaje) 1,180, kwikwi haziishi, anajikuna usiku kucha, mchana anasinzia tu, na ndugu wanasema kwa kuwa mkojo anakojoa vizuri mashine ya nini, apewe kwanza mitishamba mwezi mmoja. Mimi namuuguza bi mkubwa kwa tatizo hilo hilo na yuko kwenye mashine mpaka leo, kwa hiyo naandika kirefu, nivumilie.

Nianze na hilo la mkojo maana linaponza watu wengi sana. Mkojo kutoka sio ushahidi kwamba figo zinafanya kazi. Figo nzima zinachuja kama lita 180 kwa siku, karibu yote zinayarudisha mwilini, zinatoa lita moja na nusu au mbili hivi zikiwa zimebeba uchafu. Zikichoka, maji yanaweza kuendelea kutoka kama kawaida ila uchafu unabaki kwenye damu. Bi mkubwa alikuwa anaamka usiku kila saa kukojoa, mkojo mweupe pee, majirani wanasifia kwamba figo ziko safi, dokta alipouona akasema weupe huo ndio tatizo lenyewe, hauna kitu ndani.

Na uchafu ukijaa hauumi kiunoni wala mgongoni, unaenda tumboni, kwenye ngozi na kichwani, ndio maana wengi wanatibiwa taifodi na vidonda vya tumbo miezi na miezi. Bi mkubwa alianza kukataa nyama, anasema mdomo una ladha ya chuma, na ukimsogelea pumzi inanuka mkojo. Akawa anajikuna mgongo na kitana mpaka damu inatoka na upele hakuna, paka mafuta, paka losheni, wapi. Halafu usingizi ukageuka, mchana analala usiku yuko macho, akaanza kuniita jina la mjomba aliyeshafariki. Shangazi akasema huyu karogwa. Hospitali dokta akamwambia anyooshe mikono mbele asimamishe viganja kama anasimamisha daladala, vile viganja vikawa vinadondoka na kunyanyuka vyenyewe, hawezi kuvizuia. Dokta akasema sumu imeshafika kwenye ubongo, ila damu ikisafishwa akili itarudi. Na kweli ilirudi, baada ya kusafishwa mara kadhaa alidai ugali na samaki mwenyewe.

Sasa mkuu, usikodolee kreatinini peke yake, hiyo inakuonyesha tu figo zimefika wapi (ya mtu mzima haitakiwi kuvuka kama 110). Kinachoua haraka ni potasiamu (madini ya kwenye damu ambayo figo ndio zinayapunguza), na maji kujaa kwenye mapafu. Potasiamu ya kawaida ni 3.5 mpaka 5, ikivuka 6.5 moyo unaweza kusimama ghafla na mgonjwa alikuwa anaongea na nyie. Uliza ya mzee ni ngapi, leo. Na hayo maji ya dafu mnayompa kila asubuhi ili yasafishe figo, acheni leo leo nakuomba, dafu limejaa potasiamu, na ndizi, parachichi, juisi ya machungwa ni hivyo hivyo. Viazi kata vidogo, chemsha na maji mengi, mwaga hayo maji. Diklofenaki za kutuliza maumivu asiguse kabisa.

Mkianza dayalisisi, mara ya kwanza watamweka muda mfupi, kama masaa mawili, msigombane na manesi kwamba wamewapunja, uchafu uliojaa hivyo ukitolewa kwa kasi ubongo unaweza kuvimba. Baadaye ndio anafika masaa manne, mara 3 kwa wiki. Mwanzoni watapitisha mpira shingoni, ulizeni mapema kuhusu fistula ya mkono (mishipa miwili ya damu inaunganishwa kwa upasuaji ili mashine itumie hapo) maana mpira unaleta sana infeksheni, na mkono utakaochaguliwa usitolewe damu wala usipimwe presha.

Hiyo habari ya watu kusema dayalisisi "ukianza hutoki" inategemea figo ziliharibikaje. Kama ni ghafla, malaria kali, kuharisha sana, dawa fulani, kuna watu wanasafishwa kwa muda figo zinaamka wanaachana na mashine. Kama ni presha au sukari ya miaka mingi na ultrasaundi inaonyesha figo zimesinyaa, hapo ni mashine au kupandikizwa, na kaka yako anayesema lazima India mwambie Muhimbili walianza kupandikiza 2017, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma 2018. Wengi tunaoambiwa wameuliwa na mashine walipelekwa wakiwa wameshazimia, mashine inabebeshwa lawama za ule mwezi wa kusubiri. Hela ndio mtihani mkubwa sikufichi, kaeni kikao cha familia na muulize bima yake inalipia mara ngapi, lakini kikao kifanyike mzee akiwa tayari hospitali.

Mpelekeni jioni hii hii. Bebeni dawa zote anazotumia, hadi hiyo mitishamba, dokta azione. Mkifika tu mwambieni ana kwikwi na anasinzia msije mkaachwa kwenye foleni. Majibu ya potasiamu na ultrasaundi yakitoka yaweke hapa, nipo.