Mlango unaoitika: sauti nilizozifunga uani baada ya kupoteza macho

Siku niliyopotea kwenye ua wangu mwenyewe nilikuwa nimetoka kuanua nguo. Kutoka kwenye kamba hadi mlango wa nyuma ni hatua 25, na nilizijua tangu nilipokuwa naona. Kibanio kikaniponyoka, nikainama kukipapasa, nikainuka nimegeuka bila kujijua. Nikaenda kwa kujiamini kabisa hadi nikaukumbatia uzio, ambao uko upande mwingine.

Wiki ileile nikafunga vitu vya kutoa mlio kila mahali: vipande vya bomba la chuma mlangoni, mianzi kwenye geti, kopo lenye kokoto kwenye nguzo ya kamba, vigae karibu na tangi la maji. Nikajiona fundi. Upepo ulipokuja vyote vikalia kwa pamoja, nami katikati sijui mlango ni upi na tangi ni lipi. Upepo ulipotulia, kimya. Nikavifungua vyote, nikabakiza mianzi ya geti tu, na hiyo zaidi kwa sababu naipenda.

Kuna sababu nyingine ya kutojaza milio. Mtu asiyeona hategemei sauti za kutegwa peke yake; anasikia pia ukuta. Ukipiga ulimi kwenye kaakaa, ukuta ulio karibu hurudisha sauti tofauti na mahali pa wazi. Daniel Kish, Mmarekani aliyetolewa macho yote mawili angali mtoto mchanga kwa sababu ya saratani, amefundisha watu njia hiyo kwa miaka mingi. Mimi si hodari hivyo, ila tangi nalitambua kabla sijalipiga kikumbo. Ua ukijaa makelele, hata hilo silipati.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kengele ya mlangoni isiyo na waya, niliyoitumia kinyume. Kitufe nimekitia mfukoni, kengele yenyewe nimeifunga nje, kando ya mlango. Nikipotea, nabonyeza, mlango unaitika. Nisipobonyeza, ua umetulia na majirani wamelala.

Lakini angalia mlio unaouchagua. Nilianza na kile kidude cha kupimia muda wa kupika, chenye mlio mwembamba mmoja mrefu. Nilisikia vizuri kwamba kinalia, sikujua kinalia wapi. Sauti ya upande wa kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto, kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hilo la kushoto hulifikia hafifu zaidi. Ubongo unategemea tofauti hizo ndogo. Mlio mmoja ulionyooka huupa kidogo sana cha kushika. Sauti fupi na kavu zinazojirudia, kama mbao zinazogongana au mlango unaobishwa, huupa kingi. Kengele nyingi za aina hii zina milio kadhaa, kwa hiyo ruka nyimbo, tafuta inayokatakata. Wangu unafanana na mbwa anayebweka. Wageni hucheka, wacheke.

Ukishindwa kujua kama sauti iko mbele au nyuma, usianze kutembea. Geuza kichwa kidogo kulia, kisha kushoto, na uisikilize ikihama. Sauti ya mbele sawasawa na ya nyuma sawasawa huyafikia masikio kwa pamoja, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Mahali pa kuifunga nako kuna hila. Kwenye pembe ya kuta mbili mwangwi uliniyumbisha, nikawa nasikia mlango uko kwa jirani. Iweke kwenye ukuta mtupu, urefu wa sikio, chini ya paa isinyeshewe, na ibane ukutani isitokeze. Fimbo nyeupe hupapasa chini. Haikwambii kinachoning'inia usoni. Shemeji yangu, kwa wema wake, alinitundikia njuga katikati ya njia. Nilizipata kwa paji la uso. Kwa hiyo wewe unayeona, kabla hujatundika chochote, muulize atakayekitumia, tena akiwa amesimama palepale.

Mvua ikipiga bati, sauti zote hizi hazina kazi. Kwa siku hizo nimemwaga kokoto kwa upana wa hatua mbili mbele ya ngazi, kutoka ukuta hadi ukuta. Hata nisiposikia, nyayo zinajua. Betri nazibadilisha kabla hazijaisha, maana kengele haitangazi kwamba imekufa.

Ukimaliza, simama katikati ya ua, jizungushe mara tatu, bonyeza, tembea. Ukiukosa mlango kwa zaidi ya urefu wa mkono, hamisha kengele ujaribu tena. Yangu niliihamisha mara nne.